Saa Nne, Usiku wa Ijumaa

Jumamosi Famau wa pampu ya Shela alinipigia simu:
mtambo ulijizima wenyewe, hakuna aliyeugusa,
Langoni watu wameamka na ndoo tupu,
na yeye ndiye aliyeuwasha tena kwa mkono.
"Lini?" nikamuuliza.
"Saa nne. Usiku wa Ijumaa."

Nikafungua kumbukumbu za programu niliyoiandika mwenyewe,
nikateremka hadi Ijumaa, 22:00.
Kimya. Pampu inavuta, presha imetulia,
mstari baada ya mstari, kama watoto wa chuoni
wanaoitikia bila kusikia.
Nikapanda hadi 04:00, huenda alikusudia saa za kizungu.
Kimya.
Nikamdhania alisinzia akaota.
Siku mbili nilimsaka mdudu
katika usiku ambao haukuwa wake.

Mama ndiye aliyenitoa, wala hakujua ananitoa.
"Mkate ulioniletea usiku wa Ijumaa umeota ukungu."
"Niliuleta Alhamisi, Mama."
"Ndiyo hiyo. Jua si lilikuwa limekuchwa?"
Akaendelea kuchambua mchele.

Mimi, mzaliwa wa Langoni,
niliyejua kabla sijajua kufunga viatu
kwamba usiku hutangulia na mchana ukaufuata,
nilikuwa nimeziuza Alhamisi zangu kwa mashine
na risiti sikupewa.

Nikarudi. Alhamisi, 22:00. Bado.
Seva haiijui Lamu. Inahesabu kwa saa isiyo na mji,
saa tatu nyuma yetu.
19:00:07.
Hapo.

FUNGA VALI
ZIMA PAMPU

Mistari miwili, sekunde moja. Kipi kilianza?
Skrini ilikuwa imeipanga kwa alfabeti,
F kabla ya Z,
na mwezi mzima nimeilaumu vali
kwa ushahidi wa alfabeti.

Nikaketi kuchagua.

Nikiandika saa ya Famau, Famau ataisoma,
ila saa nne ya asubuhi na saa nne ya usiku
zitagombania safu moja, na mashine haijui kuamua ugomvi.
Nikihesabu sekunde tangu mwaka wa sabini,
kama zihesabuvyo kompyuta zenyewe,
tarakimu kumi bila pumzi, nani atazisoma
usiku wa manane, macho mekundu, simu inalia?
Tena umeme ukikatika, na ile betri ndogo ikafa,
kifaa huamka kikiapa kuwa ni Januari ya sabini.
Mama bado hajazaliwa. Shela haina pampu.
Nacho kinaripoti presha, hakina haya.

Basi: mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku,
sifuri zisidondoke hata moja,
ili kupanga kwa herufi kuwe ndiko kupanga kwa wakati.
Z mwishoni.
Sekunde nikazipasua vipande elfu.
Na pembeni safu nyembamba isiyojali ni saa ngapi,
isiyouliza ila neno moja:
tangu mstari uliopita, pamepita muda gani?

Jumatano pampu ikazima tena. Nilikaribia kufurahi.

.112 ZIMA PAMPU
.153 FUNGA VALI

Milisekunde arobaini na moja.
Kope haijashuka nusu.
Vali haikuwa na kosa, ilikuwa ikitii tu.
Nyuma ya pampu palikuwa na waya wa kipimo,
umeliwa na chumvi hadi ukawa kama uzi wa kofia.
Famau aliubadilisha kwa dakika kumi,
akanitumia picha ya mkono wake mchafu.

Kwenye skrini yake nimemwekea mstari wa peke yake:
saa nne na sekunde saba, usiku wa Ijumaa.
Chini yake, kwa herufi ndogo, ule wa mashine.
Akautazama sana.
"Hii Z ni saa ya wapi?"
"Si ya popote."
"Haya," akasema, "ndiyo maana umeiweka mwisho."